Mjomba Tujibu: Nani kafunga kapu la maandamano?

Wapwa zangu hamjambo. Mwezi huu meseji zimekuja mpaka simu ikaanza kulalamika imejaa, na nyingi ni jambo moja tu, hela za kuchangishana mtandaoni, hasa zile za watu wanaoandamana. Kawaida mambo ya ndoa mnampelekea Senga, shangazi yenu, na mambo ya hela mnaniletea mimi Kojja, mjomba wenu, sasa naona siasa nayo imepanda boda ikaja kushukia kwangu. Haya. Nimechukua tano. Majina nimeyatoa, mnajua kwa nini.

Mwanafunzi, Wandegeya, Kampala: Mjomba shikamoo. Juzi hosteli tulibishana mpaka saa nane usiku. Rumeti wangu anasema GoFundMe, ule mtandao wa kuchangisha hela, ni wanafiki, wale madereva wa malori wa Kanada waliwafungia mchango wao lakini watu wa Black Lives Matter, wale wa Marekani wanaopinga polisi kuua weusi, waliwaacha wakachanga mamilioni. Mi nikasema malori walikuwa wanasumbua watu wacha wafungiwe. Nani kashinda? Afu swali la pili, siku sisi tukitaka kuchangia wenzetu waliokamatwa, hao jamaa watatukubalia?

Mjomba: Marahaba mpwa wangu. Kwanza hiyo stori ya malori tuiweke sawa maana kila mtu anaisimulia akiwa ameikatia pale panapomfaa. Januari 2022 madereva wa malori wa Kanada waliondoka kwenda Ottawa, mji mkuu wao, wakipinga sheria ya kuwataka wawe wamechanjwa korona ndo wavuke mpaka wa Marekani bila karantini, wakajiita Freedom Convoy, wakafika wakapaki katikati ya mji karibu na bunge na hawakuondoka, honi mchana honi usiku, wenyeji hawalali, wiki karibu tatu hivyo. GoFundMe kapu lao lilishafika kama dola milioni 10 za Kanada na milioni 1 ilikuwa imeshatolewa. Tarehe 4 Februari wakalifunga, wakasema polisi wamewaletea ushahidi kwamba maandamano yaliyoanza kwa amani sasa yamekuwa ya kuukalia mji, na kuna ripoti za vurugu.

Mpaka hapo mi sina ugomvi sana. Duka ni lao, masharti waliyaandika mlangoni. Kilichoniudhi ni walichosema siku hiyo hiyo: anayetaka hela yake irudi ajaze fomu, na zitakazobaki zitapelekwa kwa mashirika ya hisani mengine watakayokubaliana na waandaaji. Hebu fikiria, umeleta mbuzi wako harusini, harusi imevunjika, afu mwenye ukumbi anakuambia andika barua ndo tukurudishie mbuzi, usipoandika tunampeleka kwenye matanga ya mtaa wa pili. Nani kamwambia mwenye ukumbi mbuzi ni wake? Kelele zikapigwa kweli kweli, gavana wa Florida naye akatishia kuwachunguza, na kesho yake tu wakageuza maneno, kila mtu anarudishiwa na hakuna fomu. Kwa hiyo kumbe iliwezekana tangu mwanzo.

Ikawa mbio sasa. Waandaaji wakahamia GiveSendGo, hao ni watu wanaojitangaza kuwa jukwaa la Kikristo, na kule wakakusanya mamilioni mengine ya dola. Tarehe 10 Februari mahakama ya Ontario ikazuia hela zisigawiwe. Siku chache baadaye wadukuzi wakaingia kwenye tovuti wakamwaga majina ya waliochanga, maelfu kwa maelfu ya watu, mwenye kachanga dola ishirini yumo na mwenye kachanga elfu yumo. Afu tarehe 14 Februari serikali ya Trudeau, waziri mkuu wa wakati ule, ikatangaza sheria ya dharura, sheria ambayo ilipitishwa 1988 na haikuwahi kutumika hata mara moja, benki zikaruhusiwa kufunga akaunti za watu bila kwenda mahakamani na majukwaa ya michango yakaamriwa kujisajili kwa chombo chao cha kupambana na hela chafu. Januari 2024 jaji wa mahakama ya shirikisho akasema kutangaza dharura ile hakukuwa na msingi. Miaka miwili imepita hapo. Malori yalishaenda nyumbani zamani.

Sasa rumeti wako na Black Lives Matter. Hapo amechanganya maharage na kokoto. Kapu kubwa la GoFundMe la 2020 lilikuwa la familia ya George Floyd, yule Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi, lilipita dola milioni 14 na watu zaidi ya laki tano walichanga, na lile lilikuwa la mazishi na watoto wake na mambo ya mahakama, halikuwa la kununua honi. Hela nyingi za dhamana za waandamanaji waliokamatwa nazo zilienda kwenye mifuko yenye tovuti zake yenyewe, kama ule wa Minnesota uliopata zaidi ya dola milioni 30 ndani ya wiki chache, mpaka wenyewe wakaanza kuwaambia watu jamani pelekeni na kwingine. Ila simnyimi haki yake yote. Upande wa kulia, yaani wahafidhina, wana kesi moja nzuri, ya yule kijana Kyle Rittenhouse aliyepiga watu risasi Kenosha kwenye maandamano, Agosti 2020. GoFundMe walimfutia michango ya wakili, kwa sheria yao kwamba hawachangishi utetezi wa mtu anayeshtakiwa kwa kosa la kutumia nguvu. Novemba 2021 akaachiwa huru na mahakama, na GoFundMe wakasema basi sasa kwa kuwa hana hatia mnaweza kumchangia. Jamani! Wakili unamhitaji kabla ya hukumu au baada? Ni kama kumpa mtu mwavuli akishafika nyumbani.

Na hapo ndo penye kiini cha jibu langu, mpwa, kwa hiyo ukisoma kipande kimoja tu soma hiki. Sheria ya "hatuchangishi kosa la nguvu" ukiisikia ni nzuri, hata mimi ningeiandika. Lakini karatasi ya mashtaka anaiandika nani? Anaandika yule yule anayeandamwa. Chukua kwetu. Novemba 2020 mgombea wa upinzani Bobi Wine alipokamatwa Luuka watu wakatoka barabarani na kwa hesabu ya serikali yenyewe walikufa watu 54. Baadaye wafuasi wa chama chake cha NUP wakapelekwa mahakama ya jeshi kwa mashtaka ya kumiliki vilipuzi. Sasa mtu aliyekaa ofisini California anasoma "vilipuzi, mahakama ya jeshi", anaangalia sheria yake, anabonyeza futa. Hana ubaya na wewe, pengine hata ramani ya Kampala hajawahi kuiona. Ameazima tu macho ya polisi. Kanada polisi wakisema vurugu kuna magazeti ya kuwapinga, kuna kamati ya bunge, kuna jaji wa 2024. Penye polisi wanaoita kila mkusanyiko wa watu kumi vurugu, kuazima macho yao maana yake hakuna maandamano hata moja yatakayopita. Kwa hiyo GoFundMe hawatendi haki, ndiyo, ila sababu si ya rumeti wako wala si yako. Inayopimwa hapo ni serikali inayoandamwa, ina uvumilivu kiasi gani.

Na usisahau kuna mkono nyuma ya mkono. Desemba 2010 WikiLeaks, wale wa kuanika siri za serikali mtandaoni, waliamka wakakuta PayPal, Visa na Mastercard wamewakatia michango wote kwa pamoja, na mahakama haikuwa imewahukumu kwa lolote. GiveSendGo wenyewe Januari 2021 PayPal iliwatupa baada ya ile fujo ya Capitol, bunge la Marekani. Hong Kong, Novemba 2019, benki ya HSBC ilifunga akaunti ya mfuko wa kusaidia vijana waliokamatwa, mwezi uliofuata polisi wakazuia dola milioni 70 za kwao na kukamata watu wanne. Huyo aliyeshangilia malori kufungiwa mwulize alishangilia na Hong Kong?

Swali lako la pili ni jepesi na linauma. Uganda haimo kwenye orodha ya nchi ambazo GoFundMe inatoa hela. Huwezi kufungua ukurasa ukiwa Wandegeya ukapokea kwenye benki ya Wandegeya, mpaka uwe na shangazi Uingereza au kaka Marekani. Kwa hiyo nyie mmebishana mpaka saa nane usiku kuhusu mlango wa nyumba ambayo hata uani hatujakaribishwa.

Bodaboda, Arua: Mjomba, mi naskia kripto, hizi hela za mtandaoni kama bitikoini, haifungiki hata na rais. Tuhamie huko?

Mjomba: Mpwa, waliokuambia wamekuambia nusu. Nigeria Oktoba 2020, vijana wa EndSARS, waliopinga kikosi cha polisi cha SARS, wakina dada wa Feminist Coalition walikuwa wanachangisha kupitia Flutterwave, kampuni ya malipo ya mtandaoni, njia ikazibwa, wakageukia bitikoini, na kweli hela zikaendelea kuingia, zote kwa jumla zikafika kama naira milioni 147 na wakaweka hesabu wazi kila siku nani kapewa nini, chakula, hospitali, wakili. Mfano mzuri, siubishii. Ila mwezi uliofuata benki kuu ikapata amri ya mahakama Abuja ikafunga akaunti za benki za watu na makundi 20 waliohusishwa na maandamano, na Februari 2021 ikazikataza benki zote kushughulika na kripto. Unaona? Bitikoini haikufungwa, kilichofungwa ni mlango wa kuigeuza iwe naira. Kwetu nako mlango huo ulibanwa, Aprili 2022 Bank of Uganda iliandikia kampuni za malipo kwamba zisisaidie kugeuza kripto kuwa mobail mani. Sasa wewe na bitikoini yako utakuwa tajiri pale steji, afu mwenye petroli anakuambia lete shilingi. Na bei yake inapanda na kushuka kama barabara ya milimani, unachangiwa milioni jioni unaamka asubuhi ni laki saba. Kama hujui kutunza zile nywila zake, achana nayo.

Muuza mitumba, Busia: Mjomba, kijana wa jirani yangu alienda Kampala akakamatwa kwenye yale maandamano ya kwenda bunge ya Julai 2024. Tukachangishana, laini ni yangu, watu wakatuma elfu mbili elfu tano, wengine kutoka upande wa Kenya. Siku ya pili laini ikafungwa, ofisi ya kampuni ya simu wananiambia miamala si ya kawaida. Wiki mbili hela imekaa mule na mtaani nimeshaitwa mwizi. Kosa langu nini? Wakenya mbona wao walichanga na hawakufungiwa?

Mjomba: Mama pole sana. Kuitwa mwizi kwa hela uliyoibeba kwa roho safi kunauma kuliko kuibiwa.

Kosa lako hakuna, ila nikueleze mashine inavyoona. Tangu sheria ya utakatishaji fedha ya 2013 kampuni zinazoshika hela za watu zinatakiwa kuripoti muamala unaotia shaka. Laini yako miaka yote ni ya mitumba, unapokea laki hapa laki pale kutoka kwa watu wale wale, ghafla ndani ya saa chache watu themanini wapya wanatuma vipande vidogo vidogo na wengine wako nje ya nchi. Matapeli wanafanana hivyo hivyo. Mashine haijui maandamano wala mazishi. Sitaki kusema kila laini ikifungwa ni siasa, tukifanya hivyo siku ikifungwa kwa siasa kweli nani atatuamini.

Lakini siasa kwenye hizo waya ipo, tusidanganyane. Februari 2016 siku ya uchaguzi mobail mani ilizimwa nchi nzima pamoja na Facebook na WhatsApp, mtu ana hela yake kwenye simu na hawezi kununua hata maziwa ya mtoto, kwa sababu eti za usalama. Desemba 2020, wiki chache kabla ya uchaguzi mwingine, ile mamlaka ya serikali inayofuatilia fedha ilifanya akaunti za Uganda Women's Network na za NGO Forum zifungwe kwa tuhuma za kufadhili ugaidi, zikafunguliwa Februari, uchaguzi umeshapita. Mwezi huo huo wa Desemba wakili Nicholas Opiyo wa Chapter Four, shirika la haki za binadamu, akakamatwa akashtakiwa kutakatisha dola 340,000, na Septemba 2021 mashtaka yakaondolewa. Mimi ni mtu wa hesabu, nikiona tarehe zinapangana hivyo naziandika chini.

Kuhusu Wakenya. Kweli 2024 walichanga sana, mwanaharakati Hanifa Adan alifungua mchango M-Changa kwa ajili ya majeruhi wa maandamano na familia za waliokufa, zikapita shilingi milioni 30 za kwao, na watu walipoanza kudai hesabu akazitoa hadharani. Tofauti si kwamba serikali yao ina huruma. M-Changa ipo tangu 2012, imejengwa kwa ajili ya harambee, ndo kazi yake, kwa hiyo watu elfu kutuma mia mia pale ni Jumatatu ya kawaida. Wewe mama ulibeba harambee kwenye laini ya mitumba. Na hata wao usiwaonee wivu sana maana mwaka huo huo kulikuwa na muswada kwao wa kutaka mtu aombe leseni kabla ya kuchangisha umma.

Sasa cha kufanya. Usichangishe kwa laini ya mtu mmoja tena. Nyie Busia mna vikundi vya akiba, mna munno mukabi za kuzikana, hizo ndo GoFundMe zetu na zilikuwepo kabla ya intaneti. Kikundi kilichosajiliwa wilayani kwa afisa maendeleo ya jamii, chenye akaunti ya sahihi tatu, kikipokea vihela themanini kwa siku moja hakishangazi mtu kwa sababu ndivyo kinavyoishi. Andikeni kwenye kitabu chenu kwamba mtachangia mwanachama aliyefiwa, aliyeugua na aliyepata kesi, hilo neno kesi muhimu liwemo. Hiyo laini iliyofungwa nenda na kitambulisho, na orodha ya waliotuma, na usiondoke na maneno matupu, dai sababu kwa maandishi na tarehe ya kufunguliwa. Na mtaani piga picha skrini ya salio uitume kwenye grupu, waone hela bado imelala mule.

Afu jambo lingine ambalo linanikera kila siku. Mlikuwa mnachanga ya nini hasa? Ukiniambia sehemu ilikuwa ya kutoa mtoto kituoni, mama, bondi ya polisi ni bure, imeandikwa ukutani kila kituo kwa herufi kubwa na afande anayekudai laki mbili amekaa chini ya hayo maandishi. Akishafika mahakamani hakimu anaweza kumpa dhamana ya hela taslimu au isiyo ya taslimu, na pale kinachotakiwa zaidi ni wadhamini wenye barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, na vitambulisho, watu wanaofahamika wanakokaa. Wengi wa wale wa Julai walishtakiwa kwa vikosa vile vya kuwa kero kwa umma. Nauli ya wadhamini wawili kutoka Busia kwenda Kampala na chapati zao njiani inaweza kumtoa mtu haraka kuliko milioni inayozunguka kwenye simu, na mnakatwa kodi mkiitoa. Hiyo kodi ya mobail mani nayo ilianza Julai 2018, asilimia 1 kwa kila kitu, watu wakaandamana ikashushwa ikawa nusu asilimia kwenye kutoa. Yaani hata ukichangia waliokamatwa kwa kuipinga, nayo inakula sehemu yake.

Mzalendo, Mbarara: Ndugu mwandishi, naona kila mara unawatetea hawa wa maandamano. Hela zao zinatoka kwa wazungu wanaotaka kuivuruga nchi. Kwa nini zisifungwe? Na nyingi zinaliwa na viongozi wao.

Mjomba: Ndugu yangu, karibu, na ahsante kwa kutotukana, wiki hii umekuwa peke yako.

La wazungu. Julai 2024 Rais Ruto aliisema Ford Foundation, shirika la hisani la Marekani, mbele ya watu kwamba inafadhili vurugu Kenya, wao wakakana. Kwetu Januari 2021 Mzee Museveni alisimamisha DGF, ule mfuko wa nchi za Ulaya, na Agosti mwaka ule mashirika 54 yasiyo ya serikali yakasimamishwa kwa siku moja. Na Kanada hivyo hivyo, wanasiasa walisema hela za malori ni za Wamarekani. Machi 2022 mkubwa wa GoFundMe akaitwa mbele ya kamati ya bunge akawaambia zaidi ya asilimia 85 ya hela zile zilitoka Kanada kwenyewe. Hiyo "zinatoka nje" naona inasemwa kila lugha, Kiingereza, Kifaransa, Runyankole, mpaka najiuliza huko nje kwenyewe wanasema zinatoka wapi. Lakini hoja yako ina punje ya ukweli: hela ikiwa nyingi na mwenyewe hajulikani, una haki kuuliza. Uliza basi kwa wote. Wakati wa kampeni fulana za njano za chama tawala na chumvi na sabuni zinagawiwa nchi nzima, hivi kapu lake liko tovuti gani tukalisome?

La kuliwa na viongozi, hapo nakupa mkono. Na nikuongezee mfano ambao rumeti wa yule mwanafunzi hataupenda. Desemba 2018 mwanajeshi mstaafu wa Marekani, Brian Kolfage, alifungua GoFundMe ya kujenga ukuta mpaka wa Meksiko, siasa za kulia kabisa, na GoFundMe hawakumfungia, waliiacha ikapita dola milioni 20. Aliahidi hatachukua hata senti moja. 2022 akakiri mahakamani kwamba alikula, 2023 akafungwa miaka minne na miezi mitatu. Kwa hiyo wale wanaosema jukwaa lile ni adui wa upande wa kulia waieleze hiyo, na wewe unayesema fungeni kila kapu uone kwamba aliyemkamata Kolfage ni mwendesha mashtaka mwenye vitabu vya hesabu, baada ya kufuata hela ilikokwenda. Mwizi afungwe kwa wizi. Kumfunga mtu kwa kuwa tu kapu lake limeandikwa maandamano, hiyo mi sikubaliani nayo hata ungeniandikia kila wiki.

Fundi cherehani, Jinja: Mjomba, dada yetu yuko Manchester, kafungua ukurasa wa GoFundMe kusaidia vijana watatu wa mtaa wetu waliofungwa. Kaandika "Changia mapambano ya ukombozi wa Uganda". Zilipofika pauni mia nne wakazisimamisha, wanaomba makaratasi. Yeye anataka abadilishe aandike ni za hospitali. Ni sawa?

Mjomba: Mwambie dada aache hiyo ya hospitali leo leo kabla hajalala. Wakigundua watafunga na watakuwa sahihi, na wale vijana watatu ndo watalipia.

Wanachokiangalia kwenye ukurasa kama huo ni vitu vichache: hela inaenda kwa nani, yeye anamjuaje huyo mtu, itatokaje Uingereza kufika Jinja, na itafanya nini. "Ukombozi" haijibu hata kimoja. Ukombozi hauna akaunti ya benki. Mtu anayesoma maneno hayo kwa sheria za Uingereza za ufadhili wa ugaidi anatoka jasho, afu anaita wakubwa wake. Najua mtasema ni uoga, na kweli ni uoga, lakini pauni mia nne ziko kwao si kwenu.

Na sisemi mfiche siasa. 2017 Mama Janet Museveni, waziri wa elimu, aliliambia bunge hakuna hela za pedi za wasichana wa shule ambazo Mzee aliziahidi kwenye kampeni, mwanaharakati Stella Nyanzi akaanza kuchangisha pedi, watu wakatuma hela kwa simu na wengine mapakiti yenyewe. Lile lilikuwa hisani au maandamano? Yote mawili, na kila aliyechanga alijua. Hakuandika ni za hospitali. Aprili akakamatwa, mashtaka yakawa ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, kwa yale aliyomwandikia rais Facebook, na pedi zilikuwa zimeshawafikia wasichana.

Kwa hiyo dada aandike yaliyo kweli tu, kwa mfano kwamba ni ada ya wakili na nauli za ndugu za vijana watatu waliokamatwa tarehe fulani, hela itapokelewa na wakili mwenyewe kwa risiti, na mashtaka yao ni haya. Kama mashtaka yameandikwa kitu cha nguvu au silaha ajue pale jukwaa lina sheria yake na wanaweza kukataa, basi arudishe hela kwa waliotoa na achangishe kwenye msikiti au kanisa la kwao Manchester, au kwenye grupu la familia, na atume kwa njia ya kawaida ya kutumia ndugu hela kwa jina lake. Aombe barua kwa wakili, yenye muhuri, apige picha aipakie. Majina kamili ya vijana asiyaweke kwenye ukurasa bila wao wenyewe kukubali, mmeona ya Kanada, majina yakimwagika hayazoleki. Na ile picha uliyonitumia ya kijana akiwa anavuja damu usoni, aitoe, mama yake bado hajaiona.